The George: baa iliyoponea reli

Ukishuka katika stesheni ya London Bridge na kuifuata Borough High Street kuelekea kusini, mkono wa kushoto kuna lango ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Nyuma yake kuna ua, na kando ya ua jengo jeusi kwa jeupe lenye roshani mbili ndefu za mbao, moja juu ya nyingine, zilizopinda kidogo kwa uzee. Hiyo ndiyo The George. Katika London nzima, ndiyo nyumba pekee ya wasafiri wa magari ya farasi iliyobaki na roshani zake.

Wageni huipiga picha kwa uzuri wake, lakini haikujengwa ipendeze. Ilikuwa sehemu ya stendi. Kwa karne nyingi wakazi wa London walikuwa na daraja moja tu la kuvukia mto Thames, London Bridge. La Westminster lilifunguliwa baadaye sana, mwaka 1750. Kabla ya hapo, aliyetoka jimbo la Kent, kusini-mashariki, alilazimika kupita hapa Southwark, na aliyechelewa alikuta lango la daraja limeshafungwa kwa usiku. Aliyewahi kulala gesti karibu na stendi ya zamani ya Ubungo ili awahi basi la alfajiri hahitaji maelezo zaidi.

Ndiyo maana barabara hii ilijaa nyumba za wageni. White Hart ndiko Jack Cade alikoweka makao yake alipoongoza uasi wa mwaka 1450. The Tabard ndiko mshairi Geoffrey Chaucer alikowakusanya mahujaji wa Canterbury katika kitabu chake. The George ilikuwa katikati ya hizo mbili. Gari liliingia uani, farasi wakafunguliwa, mizigo ikashushwa, na abiria akapanda ngazi. Zile roshani zinazosifiwa leo zilikuwa ujia tu wa kumfikisha chumbani. Katika nyua za namna hii waigizaji nao walipata jukwaa: watu wa kawaida walisimama chini, wenye fedha wakatazama kutoka juu.

Hapo ndipo jina la Shakespeare huingizwa, na mhudumu yeyote wa baa anajua faida yake. Huenda alikunywa katika The George ya zamani. Hii ya sasa hakuiona: moto mkubwa uliteketeza Southwark mwaka 1676, nyumba ikajengwa upya mwaka uliofuata, naye alikuwa amefariki tangu 1616. Charles Dickens ni habari nyingine. Yeye aliitaja kwa jina katika riwaya ya Little Dorrit.

Ukutani kuna saa kubwa inayohusishwa na kodi ya saa ya mwaka 1797. Inasemekana watu waliacha kununua saa zao, wenye baa wakatundika kubwa ili kila mtu aone. Hadithi tamu, ila saa za aina hiyo zilikuwapo kabla ya kodi, na kodi yenyewe ilifutwa mwaka uliofuata.

Adui halisi alikuja kwa njia ya chuma. Treni zilifika London Bridge mwaka 1836, na biashara ya magari ya farasi ikanyauka. The Tabard ilivunjwa katika miaka ya 1870. The George iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli ya Great Northern, ambayo haikuwa na haja na roshani, ilitaka maghala. Mwaka 1889 ikabomoa pande za ua, ukabaki mmoja wa kusini. Kwa hiyo anachokiona mgeni leo ni kipande tu, na ukisimama katikati ya ua unahisi pengo la kuta zinazokosekana.

Mwaka 1937 warithi wa kampuni hiyo waliikabidhi National Trust, shirika linalohifadhi majengo na ardhi ya kihistoria. Majumba mengi ya shirika hilo huingiwa kwa tiketi, na kamba huzuia watu wasikae kwenye viti. Hapa uamuzi ulikuwa wa busara zaidi: kuta ni za National Trust, bia inauzwa na kampuni ya Greene King, na vyumba walimolala abiria sasa vina meza za chakula. Ijumaa jioni wafanyakazi wa ofisi za jirani hujaa uani wakisubiri treni za kurudi nyumbani, zilezile treni za kuelekea Kent.