Kibla, Kivuli na Mwezi Mwandamo

Kila mwaka, karibu na tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Hurudi hapo karibu na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa za Makka na zetu ni zilezile, kwa hiyo hakuna haja ya kujumlisha wala kutoa. Simamisha fimbo wima uwanjani hapa Tanga wakati huo, na kivuli chake kitalala kuelekea kusini. Geuka ukipe mgongo kivuli hicho: umeelekea kibla.

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na jaribio hili hulifanya na wanafunzi wangu kila mbingu ikiwa safi. Nalipenda kwa sababu linajibu swali ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini, kama kwamba ni aibu: mwalimu, unaswali vipi na haya yote unayajua? Jibu langu lipo katika historia ya pwani hii. Wazee wetu waliishi na dini na hesabu ya mbingu katika nyumba moja kwa karne nyingi, na ugomvi tunaousikia leo wao hawakuuanzisha.

Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki. Mombasa iko 39.7, Kilwa Kisiwani 39.5, Tanga 39.1. Maana yake pwani yetu imelala kusini ya Makka karibu kwa mstari ulionyooka, na hapa Tanga kibla kinakengeuka kutoka kaskazini kwa digrii moja na nusu hivi tu. Nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Nenda Kilwa, kwenye magofu ya Msikiti Mkuu. Mihrabu zote zinatazama kaskazini. Kuipata kaskazini kwa uhakika huku kusini ya ikweta si jambo jepesi, maana nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo Waarabu na Wahindi waliitegemea baharini, kwetu iko chini ya upeo. Njia ya hakika ni jua: unachora duara, unasimamisha kijiti katikati, unatia alama kivuli kinapogusa duara asubuhi na kinapoligusa tena alasiri, kisha unagawa nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili sawasawa. Vitabu vya falaki vilifundisha jambo hilo tangu zamani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ibada.

Sala zenyewe zimefungwa kwenye vipimo. Adhuhuri huingia jua likipinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, huingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu. Magharibi ni kuzama kwa jua, isha ni kutoweka kwa wekundu. Muumini aliambiwa aitazame mbingu na kuipima mara tano kwa siku. Dini iliweka masharti, na kazi ya kupima ikabaki kwa wanadamu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, na alitumia kalenda mbili bila kuona tatizo. Kwa kufunga na kwa Idi alifuata mwezi. Kwa bahari alifuata Nairuzi, mwaka wa jua ulioletwa na Waajemi, ambao watu wa Makunduchi bado wanaukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365, umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinabaki mwishoni. Kwa miongo manahodha walijua kusi itaanza lini, kaskazi itachelewa kiasi gani, na lini ni hatari kutoka. Wakulima nao walihesabu miongo kupanga kupanda. Mwaka wa mwezi una siku 354, hivyo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mkulima anayesubiri mfunguo sita ndipo apande mpunga, baada ya miaka michache angepanda kiangazi. Kila mtu alilielewa hilo, na sikuwahi kusikia mkulima akiambiwa imani yake ni pungufu kwa sababu anahesabu jua.

Jambo lililotugawa ni mwezi mwandamo. Mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44 kutoka kuandama mpaka kuandama. Mtume alitupa kanuni rahisi: fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona, na wingu likiwazuia kamilisheni thelathini. Zamani kila mji ulitazama mbingu yake, na habari za Lamu zilifika Pangani sikukuu imekwisha. Redio na simu zilipoenea, watu wakaanza kusikia jioni ileile kwamba kwingine umeonekana. Hapo ndipo kukawa na wanaofuata mwezi wa kwao na wanaofuata wa popote. Nimekula pilau ya Idi katika nyumba ambamo kaka mtu alikuwa bado amefunga, na mama yao alilia jikoni.

Katika ugomvi huu wengi hudhani upande mmoja ni wa dini na mwingine wa sayansi. Historia inasema vingine. Msafiri Ibn Battuta alipita Damascus mwaka 1326, na mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa, akaandika kwamba watu wa huko ni Mashafi. Miaka michache baadaye, mwaka 1339, Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayohayo, akawa kadhi mkuu wa Damascus. Yeye alifundisha kwamba hesabu ikithibitisha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kauona haupokelewi, kwa sababu hesabu ni yakini na ushahidi wa mtu ni dhana. Wapo Mashafi waliompinga, na mjadala wao ni wa wanavyuoni kwa wanavyuoni. Katika mji uleule, karne ileile, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umayya alikuwa Ibn al-Shatir. Mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Aliirekebisha pia hesabu ya mwendo wa mwezi ya mwanafalaki wa kale Ptolemaio, ambayo kwa mujibu wake mwezi ungepaswa kuonekana wakati mwingine mara mbili ya ukubwa wake. Karibu karne mbili baadaye mwanafalaki Copernicus alitumia mpango unaofanana na wake.

Alichokisema al-Subki, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaweza kukihakikisha. Mwezi hujitenga na jua kwa nusu digrii hivi kila saa. Katika miaka ya 1930, mwanafalaki wa Ufaransa, André Danjon, alieleza kwamba kukiwa na chini ya digrii saba kati ya mwezi na jua, hilali haionekani. Kwa hiyo, jua na mwezi vikikutana saa nane mchana, hakuna jicho litakalouona mwezi jioni hiyo. Anayeapa kauona huenda ni mkweli kabisa, lakini kaona ukingo wa wingu ulioangazwa. Na hesabu ikisema mwezi unaweza kuonekana, bado haitoshi kusema umeonekana: vumbi, wingu na macho vina neno lao. Hesabu inakataa yasiyowezekana. Kuthibitisha kunabaki kwa mashahidi na kadhi, na hata kwa kadhi kuna jambo zaidi ya mwezi, nalo ni watu wafunge pamoja na wafungue pamoja.

Fizikia hainiambii kwa nini nifunge. Inaniambia mwezi uko wapi, na kwa kuwa nimeamriwa kufunga kwa mwezi, kujua ulipo ni sehemu ya utiifu wangu. Anayeniambia nichague kati ya msahafu na majedwali ya falaki ananiomba niitupe nusu ya urithi wangu. Ningependa falaki irudi madrasa zetu, kijiti na duara viwe uani, na kamati zinazopokea ushahidi wa mwezi zimsikilize anayejua hesabu kabla ya kutangaza. Kijana atakayelelewa hivyo hatakuwa na haja ya kuniuliza swali lake kwa sauti ya chini.