Wepesi wa Kuvunjika na Halijoto ya Mpito

Halijoto ya mpito ni kiwango cha joto ambacho maada ikipoa kupita hapo huacha tabia yake ya kupindika inapopigwa, ikaanza kuvunjika ghafla pasipo dalili ya kukunjika kwanza. Tabia hii ya pili ndiyo inayoitwa hapa wepesi wa kuvunjika. Neno udhaifu halifai kushika nafasi yake, kwa kuwa kioo ni chepesi kuvunjika ilhali hubeba mzigo mkubwa kinapokandamizwa taratibu. Wala ugumu si kinyume chake, kwani ugumu ni uwezo wa kustahimili kukwaruzwa na kubonyezwa, na kitu kinaweza kuwa kigumu na papo hapo kikawa chepesi kuvunjika. Kinyume chake halisi ni ukakamavu, yaani uwezo wa kumeza nishati ya pigo kabla ya kupasuka.

Tofauti hiyo hudhihirika katika majaribio ya kuchangamsha hadhira, ambamo mpira hutumbukizwa katika naitrojeni kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi, kisha hubamizwa sakafuni ukatawanyika vigae. Minyororo ya molekuli za mpira wa asili, ambayo kwa kawaida huteleza na kujinyoosha, hukwama inapopoa hadi karibu nyuzi -70, na tangu hapo mpira huwa na tabia ya kioo. Ua ambalo katika maonyesho hayo pia hugandishwa na kupondwa baada ya mpira ni kisa kingine, kwa kuwa kilichoganda humo ni maji, ingawa waonyeshaji hupenda kuvichanganya viwili hivyo. Jaribio lenye mafunzo zaidi, japo halina kishindo, ni la waya wa risasi uliosokotwa kama springi: katika joto la kawaida hulegea na kuning'inia, lakini ukitolewa katika naitrojeni hurukaruka bila kuvunjika. Sababu ya kutovunjika ni mpangilio wa atomi zake, unaofanana na ule wa shaba na alumini, ambao huruhusu matabaka ya atomi kuteleza hata katika baridi kali, tofauti na mpangilio wa feleji ya kawaida.

Upimaji rasmi wa ukakamavu hufuata njia iliyoasisiwa na Mfaransa Georges Charpy mwaka 1901. Kipande cha metali chenye urefu wa milimita 55 na upana wa milimita 10, kilichokatwa mfuo wa kina cha milimita 2, hupozwa, huwekwa juu ya vihimili viwili, kisha hupigwa na nyundo inayobembea. Kadiri nyundo inavyopanda kidogo upande wa pili ndivyo kipande kilivyomeza nishati nyingi. Uso wa mvunjiko nao husema: ukiwa na nyuzinyuzi na rangi iliyofifia, metali ilipindika kwanza, ukimetameta kwa chembe bapa, ilikatika kwa wepesi.

Gharama ya kuipuuza halijoto ya mpito ilionekana tarehe 16 Januari 1943, pale meli ya mafuta Schenectady ilipopasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, katika maji matulivu. Lawama ziliangukia uchomeleaji, mpaka Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyechunguza meli za mizigo za Marekani za aina ya Liberty zilizopata nyufa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alipoonyesha kuwa feleji yenyewe ilikuwa imepoa chini ya halijoto yake ya mpito. Ndiyo maana matangi ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kwenye nyuzi -162 hujengwa kwa feleji iliyochanganywa nikeli asilimia 9, na mitungi ya naitrojeni ambamo wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe Afrika Mashariki huhifadhi mbegu za madume mara nyingi huundwa kwa alumini, metali isiyo na halijoto ya mpito ya namna hiyo hata kidogo.