Kutoka Kituo cha Treni hadi Kasulo: Njia ya Lupangu

Hapa Kolwezi, Kongo, hatusemi kiwanja, tunasema lupangu. Ni nyumba na ua wake wote: mwembe, mbabula ya makaa, kamba ya nguo, kijishamba cha lengalenga nyuma ya ukuta. Leo, katika mitaa mingi ya komuni ya Manika, ua umejaa vyumba vya kupangisha, na lupangu uliojengewa familia moja unalaza familia tatu au nne. Nje, pale watoto walipokuwa wakicheza mpira, lori la madini limeegeshwa usiku kucha, na mtaro umezibwa na magurudumu yake. Wakaaji wanauliza gari la wagonjwa litapita wapi. Swali hilo lina mizizi mirefu, ndiyo maana nimeifuata kwa miguu njia iliyouzaa mji.

Naanzia kituo cha treni. Reli ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika 1931, ikaiunganisha shaba ya Katanga na bandari ya Lobito huko Angola. Miaka michache baadaye, mnamo 1937, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuijenga Kolwezi iwe makao ya migodi yake ya magharibi. Wazungu walichorewa barabara pana zenye miti. Wachimbaji walijengewa makambi, nyumba zimepangwa kwa mistari kama askari kwenye gwaride.

Wakati huo Kampuni ilikuwa imekwisha kubadili siasa yake ya kazi. Tangu 1928 ilitaka mfanyakazi akae miaka, na akae na mke na watoto. Ndipo zikaja nyumba, posho, hospitali na shule, na watu wakasema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Barabara ya kambi ilipimwa kwa hatua za mtu aendaye zamu kwa miguu au kwa baiskeli. Nani angefikiria lori la tani thelathini mlangoni mwa mchimbaji? Lakini baba huyo alitoa nyumba bila kutoa ardhi. Aliyepoteza kazi alipoteza na paa.

Uhuru haukulifuta jambo hilo. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilirudisha ardhi mikononi mwa serikali, na mwaka uliofuata mali ya Union Minière ikawa ya taifa, baadaye kwa jina la Gécamines. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikathibitisha: udongo ni wa serikali, mwananchi hupewa haki ya kuutumia. Na madini yaliyo chini yana kibali chake chenyewe. Kwa hiyo lupangu mmoja una tabaka mbili: juu analala mtu, chini kunalala hati ya mwingine.

Kituo hiki cha treni kiliona pia jinsi nyumba inavyoweza kuponyoka kwa siku moja. Mwaka 1993 maelfu ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Kampuni yenyewe, walifukuzwa majumbani wakapiga kambi hapa wakisubiri treni. Wengine walifia hapo hapo. Kila anayezungumzia makazi Kolwezi lazima apakumbuke mahali hapa.

Nikiingia Cité Gécamines, mtaa wa wafanyakazi wa Kampuni, naelewa kwa nini ua ulijaa. Gécamines ilianguka, mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mzee aliyebaki na nyumba bila mshahara alifanya nini? Alijenga vyumba viwili uani, akapangisha. Wakati huo huo sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya, na watafuta kazi wakamiminika mjini. Msongamano tunaoulalamikia ulikuwa mkate wa mjane na ada ya shule ya mjukuu. Simlaumu aliyejenga. Nawadai walioacha mji ukue bila mtaro, bila barabara, bila maegesho ya malori.

Upande wa pili wa nyumba hizi unachimbwa mgodi wa COMMUS, kampuni ya Zijin ya China ikiwa na asilimia 72 na Gécamines asilimia 28. Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, zilieleza jinsi mtaa huu wa watu wapatao 39,000 ulivyokuwa ukimegwa: kuta zenye nyufa, familia zilizohamishwa, fidia isiyotosha kununua nyumba iliyo sawa na ile iliyoachwa.

Mwisho wa njia ni Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, na mashimo yakachimbwa uani, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 mkoa ukahamisha mamia ya familia, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, na madini yake yakawa ya kununuliwa na kampuni moja.

Lori mlangoni na mgodi nyuma ya ukuta ni mambo mawili ya ukubwa tofauti, ila yanazaliwa na kosa moja: mkaaji haulizwi. Maegesho yajengwe nje ya mitaa kwa gharama ya wenye shehena. Kibali chochote, cha ujenzi au cha mgodi, kisomwe mbele ya wakaaji, kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa sahihi.

Nimesimama Kasulo kwa muda. Lupangu ni ua wenye wenyeji wake ndani. Hapa ukuta umebaki, wenyeji wameondolewa.