Seli iliyovua sare

Najua nimepotea, ni mambo ya testi. Ila leo katika kusoma imunolojia nimekutana na kisa cha panya, nikaona nisikae nacho peke yangu.

Mwaka 1963, pale Sloan-Kettering, New York, Lloyd Old, Edward Boyse na Elisabeth Stockert walitangaza alama mpya juu ya utando wa seli za lukemia ya panya. Wakaiita TL. Panya wa koo fulani wanayo hata wakiwa wazima, kwenye thaimasi, ile tezi ya kifuani ambako seli T hukomaa. Lakini koo nyingine, mfano wale weusi wa C57BL/6, mzima hana kabisa. Akipata lukemia ndipo inaweza kujitokeza.

Sasa nani asingepata tamaa hapo? Alama iko kwa mgonjwa tu, basi mchanje panya aitambue, mwili umalize kazi. Wakawachanja. Kingamwili zikatoka, tena nyingi. Wakawapandikizia lukemia yenye TL, nayo ikakua kama vile hakuna kilichofanyika.

Kuzichunguza zile seli, TL haipo! Ungedhani zenye alama zimeuawa zikabaki zisizo nayo. Wapi. Ukizihamishia kwa panya ambaye hajachanjwa, TL inarudi. Na ukiziweka maabara pamoja na kingamwili kwenye joto la mwili, alama inapotea, kwenye baridi ya barafu haipotei. Yaani seli yenyewe, ikiwa hai, ndiyo inaivua sare yake. Na kinachoishtua ni kingamwili zile zile tulizotegemea ziiue. Nilicheka kwanza, halafu nikaona si cha kuchekesha.

Kutafuta alama hakukuishia hapo lakini. Mwaka 1968 Boyse na wenzake wakaleta alama za Ly, na 1975 yeye na Harvey Cantor wakazitumia kutenganisha seli T wasaidizi na wauaji. Mojawapo leo inaitwa CD8, ndugu wa ile CD4 inayopimwa kliniki za VVU.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya seli T zilizorekebishwa ziwinde CD19 kwenye lukemia ya watoto na vijana. Wengi ugonjwa ulitoweka. Kwa baadhi ukarudi, bila CD19. Tofauti na TL, hapo mara nyingi jeni lenyewe limeharibika, kwa hiyo alama hairudi.

Haya, testi saa mbili asubuhi, ngoja nilale.