Tauni ya Harbin na barakoa ya Daktari Wu

Desemba 1910, Daktari Wu Lien-teh aliteremka kwenye treni mjini Harbin, kaskazini-mashariki mwa China. Alikuwa na umri wa miaka 31, mzaliwa wa Penang aliyesomea udaktari Cambridge. Baridi ilikuwa imeigandisha ardhi hata makaburi hayachimbiki, na majeneza yakarundikwa juu ya theluji. Mgonjwa alishikwa na homa, akakohoa, akatema damu, na baada ya siku chache akafa. Kupona hakukuwapo.

Wu aliupasua mwili wa mwanamke mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni, akakuta vijidudu vya tauni. Madaktari wengi wakati huo waliamini kuwa tauni huletwa na panya na viroboto wao. Yeye akasema hii imeingia mapafuni, na inapita kwa pumzi kutoka mtu hadi mtu.

Dawa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni shashi na pamba. Tangu 1897 wapasuaji wa Ulaya walikuwa wakijifunga shashi mdomoni ili mate yao yasidondokee kidonda. Wu aliigeuza kazi hiyo: sasa kitambaa kimlinde anayevaa. Alikunja shashi, akaweka kipande kinene cha pamba katikati, kisha akazichana ncha zake ziwe kamba za kufungia kisogoni, ili kisilegee puani wala kidevuni. Bei ya barakoa hiyo ilikuwa ndogo sana, na mtu yeyote aliweza kuitengeneza.

Daktari Gérald Mesny, Mfaransa aliyemzidi umri na uzoefu, alimdharau waziwazi kwa kuwa ni Mchina. Akaingia wodi ya wagonjwa bila kujifunga kitu usoni. Hazikupita siku nyingi, Januari 1911, naye akafa kwa tauni hiyo hiyo. Nakiona kifo hiki kuwa cha kusikitisha mno, maana kinga ilikuwa karibu yake. Baada ya hapo watu wa Harbin walijifunga barakoa.

Lakini barakoa haikufanya kazi peke yake. Mabehewa ya treni yaligeuzwa karantini, safari zikazuiwa, na kwa idhini ya mfalme maiti zaidi ya 2,000 zikachomwa moto. Machi ikaingia Harbin haina mgonjwa mpya. Tauni ilikuwa imeua watu wapatao 60,000 katika eneo zima hilo la kaskazini-mashariki, Manchuria.

Tauni husababishwa na bakteria. Virusi vilikuja kuipima barakoa mwaka 1918, wakati wa homa kuu ya mafua. San Francisco ilipitisha sheria ya kuivaa, na wakazi wengine wakaunda jumuiya ya kuipinga. Baadaye W. H. Kellogg, wa idara ya afya ya California, aliichunguza ile shashi kwenye maabara. Ikiwa nyembamba, ilipitisha vitone vya mate. Ikiongezwa tabaka, hewa ilipita pembeni, kati ya kitambaa na shavu. Mwaka 1920 akaandika kuwa haikustahili kulazimishwa. Kwa shashi ile, naamini alikuwa sahihi. Kitambaa chenye nyuzi zinazonasa chembe ndogo, kinachobana uso, kilikuwa hakijatengenezwa.

Karne moja baadaye, UVIKO-19 ulipoingia, swali la kama barakoa inakinga lilirudi. Watafiti walikwenda vijiji 600 vya Bangladesh, kwenye watu wazima zaidi ya 340,000. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure na watu wakahimizwa kuzivaa. Nusu viliachwa kama vilivyo. Palipogawiwa barakoa za hospitali, maambukizi yenye dalili yaliyothibitishwa kwa damu yalipungua kwa takriban asilimia 11, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi, asilimia 35 hivi. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa dhahiri. Tena hayo yalipatikana wakati waliovaa ipasavyo katika vijiji vilivyohimizwa walikuwa asilimia 42 tu. Zaidi ya nusu bado walikuwa uso wazi sokoni na msikitini.