Safari ndefu kwa bodaboda: chagua vizuri mto wa kiti

Ukiendesha bodaboda kati ya makazi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kiti kibovu kinakuumiza mgongo na makalio. Siku usiyoweza kukaa ni siku isiyo na kipato. Kabla ya kununua mto au kumpa fundi kazi, zingatia haya:

Ugumu: Epuka sponji laini mno. Ibonyeze kwa ngumi. Ikigusa chini kwa urahisi, iache. Kipande cha godoro gumu kinaweza kukufaa.

Unene: Ukikaa, miguu yote miwili ifike chini. Mto mnene mno unaweza kukuangusha unaposimama.

Kitambaa: Chagua kisichopitisha maji na kisichoteleza.

Kufunga: Kaza kamba pande zote. Ncha zisining'inie karibu na gurudumu, mnyororo au ekzosi.

Mto hauchukui nafasi ya mapumziko. Kila baada ya saa moja, shuka unyooshe miguu. Ganzi isipoisha baada ya kupumzika, nenda kituo cha afya. Na kumbuka: vaa kofia ngumu, wewe na abiria wako.