Kilatini na Maelezo ya Chini ya Ukurasa



Kwa Wakatoliki wa huku kwetu, toka Mbozi hadi mpakani Tunduma, Kilatini kilikuwa lugha ya misa na ya seminari. Kijana aliyeutaka upadri nyumbani alisema Kinyiha au Kinyamwanga, shuleni Kiswahili, kisha Kiingereza, ndipo akifikie Kilatini. Vitabu vya shule vya lugha hiyo viliwekwa matini juu, maelezo chini au mwishoni. Mengi ya maelezo hayo yaliandikiwa watoto wa Ulaya. Kijana wetu alilazimika kuyafasiri nayo pia.

Desturi hii ni ya kale. Yapata mwaka 400 B.K., mwalimu wa Roma aitwaye Servius alifafanua tungo za Virgil mstari kwa mstari. Virgil alikuwa amekufa zaidi ya miaka 400, na wasemaji wa Kilatini wenyewe walihitaji msaada.

Mwafrika wa zama hizo, Mtakatifu Augustino, alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika Algeria ya leo. Katika Maungamo yake anasimulia kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgil. Lakini Kigiriki alikichukia, maana kilikuwa lugha ya kigeni, naye alifundishwa kwa vitisho na adhabu. Wangapi kati yetu hawalijui jambo hilo?

Hata hivyo jasho halikupotea. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kagera, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ambako hotuba zilitolewa kwa Kilatini. Mtaguso huohuo ndio uliofungua mlango wa misa kwa Kiswahili.

Kilatini kikapungua, lakini njia ya kusoma ikabaki. Mwaka 1999 M. M. Mulokozi alitoa Tenzi Tatu za Kale pamoja na maelezo ya Kiswahili. Kijana wa Tunduma asiyejua Kiamu anaweza kuisoma Al-Inkishafi bila kupitia Kiingereza.

Basi vijana, someni mstari kwanza, mhangaike nao, ndipo mshuke kwenye maelezo. Anayeanza na maelezo hukariri mawazo ya mwingine. Nanyi wazee mliofunzwa Kilatini, tuandikieni maelezo kwa Kiswahili, msije mkaondoka na funguo mfukoni.